Kusimama kabla ya kuimba: namna ya kumwigiza Roland Hayes

Nafundisha sauti kwa waigizaji wa jukwaani, na kwa miezi miwili nilikuwa na kijana aliyepewa nafasi ya Roland Hayes, mwimbaji mweusi wa Marekani. Alikuja na sauti safi, ile ambayo kwenye kwaya tunaiita sauti ya tatu, yaani tena, na nyimbo zote ameshazikariri. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo hatuimbi. Leo utasimama tu."

Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Lakini Hayes hakuwa na sauti ya kutikisa madirisha. Nguvu yake ilikuwa katika kuimba polepole na kwa upole, kila neno likasikika hadi kiti cha mwisho. Ukimwigiza kwa kupaza sauti utapigiwa makofi, ila uliyemwonyesha ni mtu mwingine.

Hayes alizaliwa 1887 Curryville, Georgia, mtoto wa Fannie, mama aliyekuwa mtumwa. Baba alipofariki familia ilihamia Chattanooga, na Roland, bado mdogo, akaingia kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alijua nyimbo za kanisani tu hadi mwalimu mmoja alipompigia santuri za Caruso, mwimbaji wa opera wa Italia. Akasoma Chuo Kikuu cha Fisk, kisha akaenda Boston, ambako alikuwa tarishi kwenye kampuni ya bima huku akiendelea na masomo ya sauti. Mwaka 1917 alikodi Symphony Hall, ukumbi mkubwa wa muziki wa Boston, kwa fedha zake mwenyewe, akauza tiketi kwa kuwaandikia watu barua. Tarishi, kwenye ukumbi ule! Miaka minne baadaye alikuwa London akiimba mbele ya Mfalme George V.

Mambo hayo mwigizaji hayasemi kwa mdomo. Yanakaa mgongoni na miguuni. Ndiyo maana tulianza na kutembea: mtu aliyezoea kubeba chuma anaingiaje kwenye ukumbi wa watu waliovaa vito?

Tulikwama kwenye sehemu ya Berlin, 1924. Wajerumani wengi wakati ule walikuwa na hasira na Ufaransa kwa kuweka askari Waafrika kwenye eneo la Rhine, magharibi mwa Ujerumani, na magazeti yalikuwa yamewachochea. Hayes alipotokea jukwaani kwenye ukumbi wa Beethovensaal alipokelewa kwa kuzomewa. Hakuondoka, wala hakujibu. Alisimama kando ya piano, kwa dakika kadhaa, mpaka kelele zikaisha zenyewe. Kisha akaanza na wimbo wa mtunzi Schubert, "Du bist die Ruh", yaani "Wewe ndiwe utulivu". Waliokuwa wakimzomea walisikia Kijerumani chao wenyewe, laini, kutoka kwa mtu waliyemdharau, na kabla ya usiku kwisha walikuwa wanamshangilia.

Wimbo huo ni mtego. Unaanza kwa sauti ndogo kabisa, karibu na mnong'ono, na mnong'ono haumfichi mwimbaji. Kijana wangu kila akifika hapo sauti ilikatika kwenye neno la kwanza. Alidhani koo lina kasoro. Nikakaa mbele yake, nikatazama mabega tu. Wenzake walioigiza watazamaji walipoanza kumzomea, mabega yalipanda. Alivuta pumzi nyingi, akaifungia kifuani, akangoja nayo. Hivyo ndivyo mwili wenye hofu unavyofanya: pumzi inakaa juu, koo linajifunga kuizuia, na ukitaka kutoa noti laini inatoka na mikwaruzo.

Dawa yake ni ngumu kwa sababu inapingana na silika. Wakati wa kuzomewa unatoa pumzi. Unapumua kawaida, mbavu zikiwa wazi, magoti hayajakazwa, mkono umelala kwenye piano bila kuishika. Schubert amempa mpiga piano utangulizi mfupi, na pumzi ya kuimbia unaichukua mwishoni mwa utangulizi huo, kimyakimya, kama mtu anayenusa ua. Tulirudia mara nyingi mno, wenzake wakizomea kwa nguvu zote, hadi mmoja akalia. Hakutaka tena kumzomea. Nilimwelewa, lakini nilimwomba aendelee, maana bila kelele ya kweli utulivu wa Hayes hauna kazi.

Karibu na mwisho wimbo unapanda ngazi hadi noti ya juu, kisha kila kitu kinanyamaza, sauti na piano pamoja, ndipo unaendelea kwa upole. Waigizaji wengi huisukuma noti ile kisha hukikimbia kimya. Kwangu kimya kile ni Berlin ileile imerudi, safari hii mwimbaji ndiye anayeishikilia.

Usiku wa onyesho la pili nilikaa safu ya nyuma. Wakazomea, mabega yake hayakupanda. Neno la kwanza likatoka zima. Alipofika juu hakusukuma, akaiacha noti ijae yenyewe, kisha akanyamaza, na mpiga piano akangoja naye, mikono ikiwa hewani.