Elektroni haina uzito? Tupime gunia la Tandale

Wanafunzi wanaokuja twisheni kwangu hapa Mbagala wana jedwali moja kichwani, la uzito wa chembe zinazounda atomu: protoni 1, nyutroni 1, elektroni 0. Kwa mtihani linatosha. Shida ni kwamba wengi huliamini kama lilivyo.

"Elektroni haina uzito." Inao. (Kitaalamu ni tungamo, ila mtaani wote tunasema uzito na mimi sigombani nao.) Protoni moja ni sawa na elektroni 1,836, kwa hiyo ile sifuri ni ya kukadiria tu. Chukua gunia la mchele la kilo 100 pale sokoni Tandale. Laiti ungeweza kuzichambua elektroni zake zote na kuziweka peke yake kwenye mizani, ungepata gramu 29 hivi, kama vijiko viwili vya mchele. Mizani ya gunia haitajua kitu, ya sonara itajua.

"Protoni na nyutroni ni sawasawa." Zinakaribiana, hazilingani. Nyutroni imezidi kwa asilimia 0.14. Kwenye gunia letu hiyo ni gramu 140, na sidhani kama kuna mchuuzi atakayekunja uso kwa hilo. Ndani ya atomu ni habari nyingine kabisa. Kwa ziada hiyo ndogo, nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini haidumu: kwa wastani, baada ya dakika 15 hivi huvunjika na kuacha protoni, elektroni na antinyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji). Mizani ingeinamia upande wa pili, protoni ndiyo ikawa nzito, haidrojeni isingedumu. Bila haidrojeni hakuna maji, na pale Feri pasingekuwa na bahari ya kuvuka.

Nikifika hapo huwa kuna kijana anayeruka: "Kumbe nyutroni ni protoni iliyomeza elektroni!" Napenda sana kosa hili, maana hesabu yenyewe inalikataa. Nyutroni imeizidi protoni kwa uzito wa elektroni mbili na nusu. Ukiongeza moja, bado unadaiwa moja na nusu. Elektroni ile haikuwa imejificha humo. Huzaliwa palepale nyutroni inapovunjika.

Wapo pia wanaodhani uzito wa protoni ni jumla ya kwaki zake tatu, yaani zile chembe ndogo zaidi zinazoiunda. Jumla hiyo ni kama asilimia 1 tu. Kinachobaki ni nishati ya kwaki zinavyokimbia na kufungamana humo ndani.

Na "chembe isiyogawanyika lazima iwe nyepesi"? Kwaki topu, aina ya kwaki iliyo nzito kuliko zote, iliyogunduliwa mwaka 1995 kwenye maabara ya Fermilab karibu na Chicago, haijaonekana kuwa na kipande chochote ndani yake, lakini ina uzito wa protoni 184 hivi. Atomu nzima ya dhahabu ya sonara wetu, yenye protoni 79 na nyutroni 118, inaizidi kidogo tu.