Nietzsche: jina adimu lililotokana na Nikolao wa kila kijiji

Konsonanti tano zimepanga foleni katikati ya jina moja: t, z, s, c, h. Mtu akiliona kwa mara ya kwanza kwenye jalada la kitabu cha falsafa, huhisi kwamba jina la namna hii halikosi kisa nyuma yake. Visa vipo tele, na kilichoenea kuliko vyote alikisambaza mwenye jina mwenyewe. Kulitamka si kazi kwa Mswahili: sema "niche", vuta kidogo silabi ya kwanza, umemaliza. Kazi ipo kwenye asili yake.

Dhana: walikuwa makabaila wa Poland waliokimbilia Ujerumani

Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa aliyelipa jina hili umaarufu, alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1844 katika kijiji cha Röcken, karibu na mji wa Lützen, kwenye jimbo la Saksonia lililokuwa chini ya Prusia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Babu mzaa baba alikuwa kiongozi wa kanisa mjini Eilenburg, na mama naye alikuwa binti wa mchungaji. Mtoto wa nyumba ya kanisa kwa pande zote mbili, Mjerumani wa Saksonia kama walivyokuwa majirani zake.

Lakini msikilize mwenyewe. Katika Ecce Homo, kitabu juu ya maisha yake mwenyewe alichokiandika mwaka 1888, anajitangaza kuwa kabaila wa Kipolandi wa damu safi, asiye na hata tone la damu mbaya, na ya Kijerumani ndiyo hana kabisa. Aprili mwaka huohuo alimwandikia mhakiki wa Denmark, Georg Brandes, ambaye alikuwa akitoa mihadhara juu yake mjini Copenhagen, akamweleza kwamba mababu zake walikuwa makabaila wa Kipolandi walioitwa Niëzky. Akaongeza kwa fahari kwamba nje ya Ujerumani watu humdhania kuwa Mpolandi, na kwamba majira yale ya baridi orodha ya wageni ya mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, ilikuwa imemwandika hivyo. Alipenda pia kusimulia kwamba alipokaa Sorrento, Italia, mwaka 1876 hadi 1877, wenyeji walimwita "il Polacco", yaani Mpolandi. Kwa masharubu yale, sishangai.

Kisa hiki hakukitunga yeye. Kilikuwa cha nyumbani, kikisimuliwa na wakubwa: kwamba mababu walikuwa Waprotestanti, wakateswa kwa ajili ya imani yao, wakaacha ardhi na vyeo vyao Poland na kuhamia Saksonia. Dada yake Elisabeth alikichapa kwenye maandishi yake na kukitia chumvi zaidi. Wala hakikosi mazingira ya kukifanya kiaminike. Mwaka 1697 mtawala wa Saksonia, August Mwenye Nguvu, alichaguliwa kuwa mfalme wa Poland pia, na kwa miaka mingi watu wa nchi hizo mbili waliingiliana kwa utumishi, biashara na vita. Mkimbizi wa Kipolandi Saksonia lisingekuwa jambo la ajabu.

Ukweli ulitoka kwenye vitabu vya ubatizo. Miaka ya 1930 Max Oehler, binamu wa Nietzsche kwa upande wa mama na msimamizi wa hifadhi ya maandishi yake mjini Weimar, alifuatilia mababu wa mwanafalsafa huyo wapatao 200, akirudi nyuma hadi karne ya 16. Hakupata kabaila hata mmoja, wala Mpolandi. Majina yote ni ya Kijerumani, hata ya upande wa wake zao.

Hapa msomaji awe macho kidogo. Miaka ya 1930 si miaka ya kumwamini mtu kwa macho yaliyofumbwa anapokwambia kwamba shujaa wa taifa ni Mjerumani halisi, na hifadhi ile ya Weimar ilikuwa karibu sana na utawala wa Wanazi. Nietzsche alitaka kuwa Mpolandi ili awachokoze Wajerumani, ambao hakupendezwa na majivuno yao tangu dola lao lilipoundwa mwaka 1871. Oehler naye alikuwa na sababu za kumtaka awe Mjerumani. Wote wawili walikuwa na haja na jibu. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na masimulizi ya shangazi, mwingine alikuwa na rejista za parokia, ambazo mtu mwingine anaweza kuzifungua na kuzisoma upya. Uraia ni suala jingine kabisa: Nietzsche aliacha uraia wa Prusia mwaka 1869 alipokwenda kufundisha Basel, Uswisi, hakuchukua wa Uswisi, na tangu hapo hakuwa raia wa nchi yoyote.

Dhana: basi angalau jina lenyewe ni la Kipolandi

Hapa pana chembe ya ukweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Nietzsche ni jina la ubatizo lililogeuka jina la ukoo, na jina hilo ni Nikolaus, Nikolao wetu huyuhuyu. Lilifupishwa likawa Nitz au Nick, kisha likatiwa kiambishi cha kulifanya la kupendezea, kama mtu anavyomwita mtoto wa nyumbani. Kiambishi hicho ndicho chenye asili ya Kislavi, jamii ya lugha ambamo Kipolandi nacho kimo.

Mashariki mwa Ujerumani ya leo Wajerumani walihamia katika karne za kati na kuwakuta Waslavi wakiishi huko, wakachanganyika nao. Wasorbi, ambao ni masalia ya Waslavi hao, bado wapo katika eneo la Lausitz, kwenye miji ya Bautzen na Cottbus, na lugha yao bado inaandikwa kwenye vibao vya barabarani. Kutokana na kuishi pamoja huko, majina ya Kijerumani na ya Kikristo yakapata mikia ya Kislavi. Friedrich akazaa Fritzsche, Johannes akazaa Hantzsche, Konrad akazaa Kuntzsche, na Nikolaus akazaa Nitsche, Nitzsche na Nietzsche. Aliyelitunga hakuhitaji kuvuka mpaka wa Poland, sembuse kuwa kabaila.

Hata zile konsonanti zinazotisha zina anwani. Zunguka mji wa Leipzig utazikuta kwenye majina ya mahali: Delitzsch ni mji wa kaskazini yake, Leutzsch ni kitongoji chake. Makarani wa Saksonia walizoea kuandika sauti ya "ch" kwa msururu huo wa herufi, kwa hiyo mtu anayeona tzsch na kusema "hili ni jina la kigeni" analitazama jina la pale pale Saksonia.

Kwa nini Nikolao? Kwa sababu kila mtu alikuwa Nikolao. Masalia ya mtakatifu huyo, askofu wa Mira katika Uturuki ya leo, yalihamishiwa Bari, Italia, mwaka 1087, na heshima yake ikaenea Ulaya nzima. Alikuwa mlinzi wa mabaharia na wafanyabiashara, hivyo miji ya biashara ikamjengea makanisa, Leipzig ikiwemo: Nikolaikirche iko katikati ya mji hadi leo. Wazazi wakawabatiza watoto kwa jina lake, na majina ya ukoo yalipoanza kukaza, jina la baba likabaki kwa watoto na wajukuu. Mtanzania ambaye jina lake la mwisho ni la babu yake ataelewa utaratibu huu bila kuchorewa. Kilichotofautiana ni kwamba Ujerumani mnyororo ule ulisimama kwa babu mmoja na haukusogea tena.

Na kwa wale wanaodhani jina linahusiana na "nihil" ya Kilatini, yaani hakuna kitu, kwa kuwa mwenyewe aliandika sana juu ya unihilisti, fikra kwamba maisha hayana maana: sadfa tupu. Baba yake mchungaji alikuwa na jina hilohilo na akihubiri Injili kila Jumapili.

Dhana: jina likiwa adimu, wote wenye nalo ni ndugu

Hili ndilo kosa kubwa la watu wanaotafuta asili ya majina ya Kijerumani, na kwangu ndilo lenye utamu zaidi, kwa sababu linatulazimisha kuuliza jina adimu ni lipi hasa.

Wingi wa majina ya ukoo Ujerumani hupimwaje? Chanzo kinachotumiwa sana na wataalamu ni orodha ya simu za mezani ya mwaka 2005, kabla watu hawajahamia kwenye simu za mkononi na kujiondoa kwenye vitabu vya simu. Atlasi kubwa ya majina ya ukoo iliyoandaliwa na vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz, na kuanza kuchapishwa mwaka 2009, ilitegemea data hiyo. Inahesabu laini za simu, na laini moja ni nyumba nzima, kwa hiyo idadi ya watu ni kubwa kuliko idadi inayoonekana. Müller anaongoza, Schmidt na Schneider wanafuata: msagaji nafaka, mhunzi na fundi cherehani. Nietzsche yuko chini sana kwenye orodha hiyo.

Lakini kompyuta inahesabu herufi, haihesabu asili. Kwake Nitsche, Nitzsche, Nietsche na Nietzsche ni majina manne. Nitsche na Nitzsche wako wengi kumpita Nietzsche kwa mbali, na ukiwaongeza Nitsch, Nitschke na Nitzschke, unapata watu wengi walioenea Saksonia na kwingineko. Ukienda mbali zaidi na kuwaita wana wote wa Nikolaus (Klaus, Claussen, Klaas, Nickel, Niklas, Klose) unajikuta na moja ya familia kubwa za majina katika nchi nzima. Uadimu wa Nietzsche uko kwenye ile "e" iliyochomekwa baada ya "i".

Nani aliichomeka? Mtu mwenye kalamu. Kwa karne nyingi mchungaji aliandika alichosikia. Mtoto akabatizwa Nitzsche, akaoa akiwa Nietzsche, akazikwa Nitsche, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba jina lina namna moja tu ya kuandikwa. Kwetu jambo hili si geni. Tanzania utamkuta Nikolaus, Nicolaus na Nicholaus katika nyumba moja, na pengine ni mtu mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa kinachosema hivi na cheti cha shule kinachosema vile, mpaka siku anapoomba pasipoti au mafao ndipo anapokimbilia kwa wakili kutafuta hati ya kiapo. Ujerumani mlango huo ulifungwa tarehe 1 Januari 1876, usajili wa kiraia wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza katika dola zima. Tahajia aliyokuwa nayo mtu siku alipoandikishwa ikaganda, na sheria hadi leo inataka sababu nzito kabla ya kuibadilisha. Ndugu walioandikishwa na makarani tofauti waliweza kubaki na majina tofauti daima.

Kwa hiyo kosa linakwenda pande zote mbili. Akina Nietzsche wawili kutoka vijiji viwili wanaweza wasiwe na uhusiano wowote, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na Nikolao wake. Na Nietzsche na Nitzsche wa mtaa mmoja wanaweza kuwa wa babu mmoja. Jibu halipatikani kwa kutazama jina, linapatikana kwenye rejista, kizazi kimoja baada ya kingine, kuanzia kwa aliye hai kurudi nyuma.

Dhana: aliye na jina hili ni mjukuu wa mwanafalsafa

Hapana. Nietzsche hakuoa wala hakuacha mtoto anayejulikana. Mdogo wake Ludwig Joseph alifariki mwaka 1850 akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Elisabeth aliolewa na Bernhard Förster, wakaenda kuanzisha koloni la Wajerumani huko Paraguay, na hakuzaa. Nyumba ya Röcken iliishia hapo.

Dhana: kabaila wa Kijerumani lazima awe na "von"

Wengine humtetea mwanafalsafa kwa kusema "von", neno dogo linalotangulia majina ya makabaila wengi wa Kijerumani, ilidondoka njiani. Neno hilo maana yake ni "kutoka", na zamani lilitaja mahali tu. Wapo wakulima wa kaskazini mwa Ujerumani wenye "von" ambao hawakuwahi kumiliki ngome. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919, iitwayo Katiba ya Weimar, ilifuta upendeleo wa makabaila na kuacha vyeo vyao vibaki kama sehemu ya jina. Austria ilikwenda mbali zaidi mwaka huohuo ikaipiga marufuku "von" yenyewe. Katika jina la Nietzsche haikuwepo kamwe.

Dhana: jina hukwambia mtu ni wa taifa gani

Mashabiki wa soka wana mfano mzuri kuliko wa mwanafalsafa. Miroslav Klose, mfungaji wa mabao 16 ya Kombe la Dunia akiwa na jezi ya Ujerumani, alizaliwa Opole, Poland, mwaka 1978. Ungetegemea jina la Kipolandi, ila Klose ni Nikolaus vilevile, kwa mtindo wa Kijerumani cha Silesia, eneo ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya Ujerumani hadi mwaka 1945. Mwenzake Lukas Podolski alizaliwa Gliwice, umbali mfupi kutoka hapo, na jina lake ni la Kipolandi waziwazi. Wote wawili walihamia Ujerumani wakiwa watoto na wakabeba kombe pamoja mwaka 2014. Kati ya watu hawa watatu, aliyeapa kuwa Mpolandi wa damu safi ndiye pekee ambaye hakuzaliwa Poland.