Kusoma plagi: namna plagi iliyoharibika inavyoeleza hali ya mashine ya boti

Kusoma plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, ni kuitoa kwenye silinda na kuikagua ncha yake, yaani rangi, unyevu na umbo, ili ujue mafuta yanaunguaje ndani bila kuifungua mashine. Mafundi wa mashine za boti hapa Mombasa, kuanzia Bandari ya Kale mpaka Mtongwe, huifanya kazi hii kila siku. Wenye boti wengi, lakini, mashine ikisumbua hununua plagi mpya, wakafunga, wakaitupa ya zamani. Hiyo ya zamani ndiyo yenye habari. Mpya itawasha mashine leo, na kama chanzo hakikuguswa itaharibika vilevile, pengine boti ikiwa katikati ya mlango wa Kilindini na meli ya makontena inaingia.

Pa kuangalia ni padogo: elektrodi ya katikati, elektrodi ya pembeni iliyopinda juu yake, na kauri inayoizunguka ile ya katikati. Kauri ikiwa kahawia hafifu au kijivujivu, na kingo za elektrodi bado ni kali, silinda hiyo iko sawa. Ncha inahitaji joto la nyuzi kama 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yanayoishika. Ikikaribia 900 huweza kuwasha mafuta yenyewe kabla ya cheche, na pistoni huanza kuteketea.

Plagi nyeusi na kavu, yenye masizi yanayofutika kwa kidole, inasema mafuta ni mengi kuliko hewa, au mashine imezungushwa polepole muda mrefu, au choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia mashine baridi, imesahaulika ikiwa imefungwa. Nyeusi iliyolowa na kung'aa ni habari ya oili. Mashine nyingi za boti za mipigo miwili, yaani two-stroke, hutumia oili iliyochanganywa na petroli, na kipimo cha kawaida ni lita 1 kwa lita 50, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa. Wengi hupima kwa chupa ya soda ya nusu lita. Ukiimimina kwenye dumu la lita 25, umepata 1 kwa 50 barabara. Ukiimimina kwenye la lita 20, umefika 1 kwa 40, na plagi itaanza kulowa. Ikilowa petroli tupu, isiyo na weusi wowote, shuku cheche: koili inayozalisha umeme wa cheche, waya wa plagi, au kauri iliyopasuka.

Weusi unakera tu. Weupe ndio wa kuogopwa. Kauri nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge madogo yanayong'aa, na elektrodi iliyolika kingo, ni dalili ya joto kupita kiasi. Mara nyingi hewa imezidi mafuta: jeti ya kabureta, yaani kitundu cha kupitishia petroli, imezibwa na uchafu wa dumu, au sili ya krenki, yaani mpira wa kuzuia uvujaji kwenye mhimili wa mashine, inavuta hewa. Kwenye mipigo miwili hasara ni maradufu, kwa sababu oili husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, beringi na pistoni nazo zinakosa ulainisho. Chanzo kingine ni maji ya kupozea. Mashine inayopita kwenye mchanga wa maji mafupi huila impela yake, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji hayo, na maji yakipungua silinda inachemka hata kabureta ikiwa safi kabisa.

Hata hivyo, weupe hafifu usikutie hofu. Michoro mingi ya zamani ya rangi za plagi ilitokana na petroli yenye risasi, ambayo ilikomeshwa huku kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Petroli ya sasa huacha rangi nyepesi zaidi. Kwa hiyo tazama chuma pamoja na kauri: elektrodi isiyolika, bila malengelenge, haina kesi. Ila ukiona vitone vidogo vya rangi ya fedha vimeganda kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Usiiwashe tena mashine hiyo kabla ya kufungua kichwa cha silinda.

Usomaji una utaratibu wake, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukirudi ufukweni polepole, masizi ya mwendo huo hufunika habari ya mwendo wa kasi. Penye maji wazi na salama, kimbiza mashine kwa kasi kamili ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha izime papo hapo na utoe plagi. Zipange kwa mfuatano wa silinda. Tuseme mashine ina silinda mbili na kila moja na kabureta yake: ya juu imetoka kahawia, ya chini nyeupe yenye malengelenge. Dumu ni moja na oili ni moja, basi usihangaike na kipimo cha mchanganyiko. Anza na jeti ya chini, kisha gasketi na sili za upande huo.

Kabla ya kulaumu kabureta, soma pia namba ya plagi, inayoonyesha plagi hutoa joto kwa kasi gani. Kwa plagi za kampuni ya NGK, namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi: B8HS hutoa joto haraka kuliko B7HS. Kwa Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Muuzaji akikupa "inayofanana" ya kampuni nyingine, mwambie alinganishe kwa jedwali, maana uzi na urefu vinaweza kulingana huku joto likitofautiana. Na ile duara ya kahawia kwenye kauri ya nje, pale inapoingia kwenye chuma, si moshi unaovuja; hutokana na umeme mkali kuvuta chembe za oili zilizo hewani, na plagi yenye duara hiyo inaweza kurudishwa kazini.