Kwa nini Kiholanzi kinasomeka lakini hakisikiki?

Wageni wengi wanaohamia Uholanzi kwa ndoa au ukimbizi hupewa miaka 3 kufaulu mitihani ya inburgering, yaani ya lugha na maisha ya Uholanzi. Sheria iliyoanza Januari 2022 inawataka walio wengi wafike kiwango cha lugha cha B1, yaani cha kati. Zamani A2, ngazi moja chini yake, ilitosha. Kwenye mtihani wa kusikiliza unakaa mbele ya kompyuta, unasikia watu wakiongea, unachagua jibu. Na wengi hutoka na lalamiko moja: Waholanzi wanaongea haraka mno.

Kasi inasingiziwa. Chukua rekodi ya maongezi yao ya kawaida, ipunguze kasi hadi nusu kwenye simu. Bado hushiki kitu, maana sauti unayoisubiri haikutamkwa kabisa. Neno eigenlijk lina silabi 3 kwenye kamusi. Mdomoni linaweza kubaki "eik". Natuurlijk huishia "tuuk". Kupunguza kasi hakurudishi kilichomezwa.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2002 mwanaisimu Mirjam Ernestus na wenzake walichapisha utafiti ambao waliwasikilizisha Waholanzi wenyewe maneno yaliyomezwa namna hiyo. Yakiwa peke yake, wenye lugha yao walikwama mara nyingi. Yakirudishwa ndani ya sentensi, waliyatambua vizuri. Kumbe sikio la mwenyeji halisikii zaidi ya lako. Linajazia.

Fikiria konda wa daladala Dar es Salaam. Anaita "koo, koo, koo!" na abiria wa kila siku anasikia Kariakoo. Anakijua kituo, anajua gari limeelekea wapi, anajua ni majina gani yanayowezekana hapo. Kipande cha neno kinamtosha kuchagua. Aliyeshuka basi la mkoani jana anasikia kelele tu, hata konda aite polepole. Na huyo abiria mzoefu, mpeleke kituo cha mji asioujua, atahangaika vilevile.

Sisi tunaumia zaidi kwa sababu Kiswahili huipa karibu kila irabu haki yake. Tuna "saivi" na "ntakuja", sawa, lakini Kiholanzi hukaza silabi moja na kuziacha nyingine zififie.

Basi zoezi lenye maana ni kuzoea mahali wanapomeza. Jeugdjournaal, taarifa ya habari ya watoto ya NOS, shirika la utangazaji la Uholanzi, iliyopo tangu 1981, inafaa: sikiliza kipande kifupi bila maandishi, rudia ukisoma maandishi ya Kiholanzi, weka alama pale sauti na herufi zinapoachana, kisha sikiliza tena bila kusoma. Utafiti ule ulihusu wenyeji, si wanafunzi, kwa hiyo usiuchukue kama ahadi. Tena mitihani ya mazoezi inayopatikana bure kwenye tovuti ya inburgeren.nl ina sauti safi kuliko za sokoni. Mtu anaweza kufaulu na bado asimwelewe jirani.

Soma swali kabla ya kusikiliza, ujue unawinda nini. Likiuliza saa, kuwa macho: half tien ni nusu ya kuielekea 10, yaani saa tatu na nusu yetu. Ukifika kwa daktari saa nne na nusu, miadi imeshapita.