Hujakojolewa na buibui

Masika yakishika Tanga, maneno ni yale yale: "Dokta, usiku buibui kanikojolea." Shingoni kuna mstari mwekundu wenye malengelenge madogo madogo, na juu yake imepakwa dawa ya meno au unga wa kapsuli ya antibayotiki iliyopasuliwa nyumbani. Buibui mwenyewe hakuna aliyemwona. Nasema tena, na nitaendelea kusema: buibui hana mkojo wa kumuunguza mtu ngozi.

Anayeunguza ni mdudu mwembamba wa milimita saba hadi kumi, kichwa cheusi, ncha ya nyuma nyeusi, katikati ana rangi ya chungwa iliyoiva, anayefuata taa usiku. Haumi wala hachomi. Sumu imo kwenye majimaji ya mwili wake, na unajipaka mwenyewe pale unapomponda shingoni ukiwa usingizini. Usiku huo husikii kitu. Kesho yake ngozi inawaka na kuwa nyekundu, malengelenge yanafuata siku ya pili hadi ya nne, na kwa kuwa mdudu alishasahaulika, lawama anabeba buibui wa kwenye dari. Akipondwa kwenye kikunjo cha kiwiko, mkono ukikunjwa sumu inagusa upande wa pili, na unapata alama mbili zinazotazamana. Nikiziona hizo sina haja ya kuuliza mengi.

Akitua mwilini, mpulize, usimpige kofi. Ukishamponda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, fua shuka, na vidole visifike machoni. Jicho likiingiwa, lioshe kwa maji safi uende hospitali siku hiyo hiyo. Ngozi iwekee kitambaa cha maji baridi, kisha krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, kwa siku chache. Malengelenge yaache bila kuyatumbua. Doa jeusi linaweza kukaa wiki kadhaa.

Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja tu wa mwili, baada ya maumivu ya siku kadhaa, ni mkanda wa jeshi: wahi ndani ya saa 72 tangu yatokee, dawa yake inafaa zaidi ikianza mapema. Uvimbe wa moto wenye usaha ni jipu. Kidonda cheusi kisichouma, kilichozungukwa na uvimbe, kwa mtu aliyechuna mzoga, nakihofia kuwa kimeta, na hapo kila saa inayopotea kwa kupaka mafuta ya taa ina gharama. Kupe naye huacha gamba jeusi, pamoja na homa.

Buibui wanaouma wapo. Usambara kuna yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye manyoya, ambaye wafugaji wa buibui huko ng'ambo wanamwita kwa jina la milima yetu. Anauma vikali na anaweza kuleta mikakamao ya misuli. Stoo na chini ya viti vya plastiki hujificha wa kahawia mwenye alama ya chungwa tumboni, na mfuko wake wa mayai una vijiti vijiti kama miiba. Yule bapa wa ukutani anakula mende, mwacheni.

Kama kweli umemwona buibui akikuuma, osha kwa sabuni, vua pete na bangili kabla hapajavimba, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika kumi, ondoa, rudia. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa siku. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usibandike jiwe la nyoka. Uliza pia chanjo ya pepopunda.

Hili la matundu mawili ndilo linalonisumbua zaidi. Watu wakiona matundu mawili wanasema buibui. Meno ya buibui yamekaribiana mno, mara nyingi huoni hata tundu moja. Matundu mawili yaliyoachana, kwa mtu aliyelala chini au aliyetoka nje gizani, nayachukulia kuwa ya nyoka mpaka ithibitike vinginevyo. Tuliza kiungo kisitikisike na mpeleke hospitali ya Bombo, hasa kope zikilegea au akimeza kwa shida. Haraka hiyo hiyo inahitajika midomo ikivimba, pumzi ikibana, tumbo likikakamaa huku jasho linatoka, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo au mjamzito.

Vitabu vinaonyesha picha safi, lakini nikipewa kidonda peke yake siku ya kwanza, mara nyingi siwezi kuapa kimetokana na nini. Kama hakuna dalili za hatari, nachora mpaka wa wekundu kwa kalamu, naandika saa pembeni, na antibayotiki zinasubiri. Wekundu ukivuka mstari, homa ikipanda au michirizi ikielekea kwapani, zinaanza siku hiyo. Unaweza kuchora nyumbani kabla ya kuja. Na kama mdudu bado yupo, picha ya simu inatosha. Usimkamate kwa mkono.