Mwezi uko kwenye boksi. Kwenye mchezo je?

Boksi lenyewe la gemu ya mezani niliyoagiza lilikuwa zuri, sikatai. Mwezi mpevu umejaa kifuniko kizima, mwanaanga kasimama kwenye vumbi la kijivu, nyuma yake dunia imening'inia kama gololi. Nilimpa msafiri mmoja pesa aninunulie, nikasubiri wiki tano, na Jumamosi tulipolifungua hapa Soweto ya Moshi, mimi na wateja watatu, hatukumaliza hata robo saa. Unarusha dadu, unasogeza kete, ukiangukia shimo unarudi nyuma. Ludo. Ludo ya bei ya mbuzi.

Kazi yangu ni kukodisha na kufundisha michezo ya mezani hapa Moshi. Wateja wangu wakubwa ni waongoza watalii, hasa wakati wa masika wageni wanapopungua mlimani, halafu walimu, halafu familia za Jumapili jioni. Gemu za anga za juu zinaulizwa kuliko zote, na ndizo zilizonila hela kuliko zote, maana mchoraji yeyote anaweza kubandika roketi juu ya boksi. Tangu ile ludo, kabla sijatoa hata shilingi nasoma kwanza kanuni, ambazo kwa gemu nyingi zimewekwa bure mtandaoni, na kila palipoandikwa roketi naweka Fuso, lori la ndizi linalotoka Mwika kwenda soko la Mbuyuni. Sayari naiita soko. Nikifika ukurasa wa mwisho na hakuna kilichoharibika, najua anga hapo ni rangi tu. Kipimo hiki hakisemi mchezo ni mbaya. Kinakuambia unalipia nini.

Chukua Terraforming Mars, ya Jacob Fryxelius wa Sweden, iliyotoka 2016. Mnashindana kuifanya Mirihi ikalike: joto lipande kutoka nyuzi −30 hadi +8, oksijeni ifike asilimia 14, na maji yajae sehemu 9 za ramani. Jaribu kuweka Fuso hapo, linakwama kilometa ya kwanza. Ukiangusha kimondo cha barafu, joto linapanda, bahari inatokea, na mimea ya jirani yako inaweza kuteketea. Joto likigusa 0, aliyelifikisha anapewa bahari moja bure, kwa sababu barafu imeyeyuka. Kanuni zenyewe ndizo hadithi.

Siku moja kaka mmoja anayepandisha wageni Kilimanjaro aliweka kadi zake chini katikati ya mchezo.

"Kwa nini oksijeni iishie 14? Sisi hapa tunavuta 21."

Nikamwambia sijui, labda ni ili mchezo uishe mapema. Hakuridhika. Akachukua kalamu yangu ya kuandikia alama. "14 kwa 21 ni theluthi mbili. Kama mgandamizo wa hewa ni wa pwani, basi ni sawa na hewa ya mita 3,300 hivi. Umeshapita kambi ya Mandara, ya Horombo hujafika. Mgeni kichwa kinamuuma kidogo, lakini chakula anakula." Akaokota kadi zake, akaendelea. Mimi ninayeufundisha sikuwahi kuiona namba ile namna hiyo, na sasa kila nikiufundisha naanzia hapo.

Kasoro zake ni mbili, na kwa meza za kwetu zote nzito. Kwanza una kadi zaidi ya 200, zote maneno, zote Kiingereza. Mezani akiwepo mmoja asiyekisoma vizuri, atacheza kwa kuona aibu kuuliza, na hatarudi. Mimi huwakalisha wawili wawili, kadi zinashikwa na watu wawili. Pili, vibao vya wachezaji ni karatasi laini na rasilimali zako zinahesabiwa kwa vidude vya mraba vinavyoteleza. Mtoto akigusa meza, uchumi wako wote umehama. Nilikata katoni, nikatoboa matundu, nikagundisha juu ya vibao, tatizo likaisha. Na tenga saa mbili na zaidi. Ukianza saa kumi na moja jioni na mtu ana daladala ya kuwahi, usianze.

Galaxy Trucker, ya Vlaada Chvátil, 2007, ndiyo inayonifanya nicheke kwa kipimo changu. Unaweka Fuso badala ya chombo cha anga, na mchezo unakujibu kwamba ni Fuso kweli: nyie ni madereva wa malori ya galaksi. Vigae vimefunikwa katikati ya meza, kila mtu anachota kwa mkono mmoja na kuunga gari lake kwa haraka, injini huku, mizinga kule, huku mchanga unashuka kwenye kichupa cha kuhesabia muda. Kisha safari inaanza na vimondo vinakuja. Kimondo kidogo kinadunda tu kama ubavu wako ni laini. Ukiwa umeacha kiungo wazi kimekaa nje, kinang'oa kigae, na vyote vilivyokuwa vimeshikiliwa na kigae hicho vinakwenda nacho. Nimeona mtu akifika mwisho na kiti cha dereva na injini moja. Waliowahi kupanda gari lililofungwa kwa waya hawahitaji maelezo marefu. Kiingereza ni kidogo, picha zinatosha. Nikibakiziwa gemu moja tu kabatini, nitabaki na hii.

Mwezi sasa, maana wengi walioniandikia wanaulizia gemu za mwezi. Mchezo wa kujenga kituo mwezini naupima kwa swali moja: usiku unafanya nini? Usiku wa mwezi ni kama siku 14 za kwetu. Paneli za jua hazizalishi kitu, baridi inaua mitambo. Chandrayaan-3 ya India ilitua karibu na ncha ya kusini tarehe 23 Agosti 2023, ikafanya kazi mpaka giza lilipokaribia mwanzoni mwa Septemba, ikalazwa, na asubuhi ya huko ilipofika haikuamka. Kule kusini ndiko kila mtu anataka kwenda kwa sababu ya barafu iliyojificha kwenye mashimo yasiyoona jua kabisa. Mchezo unaokupa umeme sawa kila zamu na maji popote unapochimba ni shamba la migomba lililopakwa kijivu. Sisemi usiucheze.

Kwa mwalimu wa fizikia namtolea Leaving Earth, ya Joseph Fatula, 2015. Inaanza mwaka 1956 na kuisha 1976, kila mchezaji ni shirika la anga lenye bajeti ya mwaka. Kufika mwezini hakuna dadu la kukuokoa: unazidisha uzito wa chombo kwa ugumu wa hatua, na nguvu ya roketi lazima ifike hapo. Kosea hesabu, umebaki kwenye mzunguko huna cha kurudia nyumbani. Tena roketi mpya inaweza kufeli, na ukitaka kuiamini unairusha tupu kwanza, kwa hela yako, huku jirani anakupita. Mwalimu mmoja aliniambia wanafunzi wake waligombana juu ya kuzidisha, akafurahi mno. Kwa familia inayotaka kucheka baada ya chakula, hapana. Ni daftari na kikokotoo.

The Search for Planet X ni ya watu wanaopenda kupeleleza kwa kufuta kimoja kimoja, nzuri sana kwa wawili, ila inahitaji programu kwenye simu, kwa hiyo chaji kabla umeme haujakatika. Twilight Imperium ni siku nzima. Nilishaikodisha, ilirudi haijafunguliwa plastiki za ndani.

Sasa nijipinge. Gemu ya anga ninayoikodisha mara nyingi kuliko zote inaanguka kwenye kipimo cha Fuso vibaya mno. Ni The Crew, ya Thomas Sing, iliyotoka 2019 Ujerumani na kupata tuzo ya huko ya michezo ya wachezaji wazoefu, Kennerspiel des Jahres 2020. Ni karata za turufu tu. Toleo lililofuata liliwapeleka wachezaji chini ya bahari na uti wa mgongo wa kanuni ukabaki uleule, ushahidi kwamba roketi ni pambo. Lakini mnacheza upande mmoja wote, misheni 50, na kwenye misheni nyingi imepangwa nani lazima ale karata ipi. Na marufuku kuambiana mlichonacho.

Niliwakalisha wazee watatu wanaocheza karata chini ya mti kila siku. Dakika tano, wameelewa. Kilichowatesa ni kukonyezana. "Mzee, shikamoo, lakini hilo jicho nimeliona," nikasema. "Marahaba. Vumbi," akajibu. Mchezo unaruhusu kila mchezaji ishara moja tu kwa misheni: unalaza karata yako moja wazi na kuweka kidude juu yake. Kidude kikikaa juu, hiyo ndiyo kubwa yako ya rangi hiyo. Katikati, ndiyo pekee. Chini, ndiyo ndogo kuliko zote. Turufu huruhusiwi kuionyesha. Yule mzee wa vumbi alikaa na kidude mkononi muda mrefu kuliko tulivyofundisha kanuni.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Rau alikuja na binti yake wa miaka kumi anayeujua mwezi kuliko mimi. Mkono wa mama ukaenda moja kwa moja kwenye ile ludo, ambayo bado ninayo. Nikamwambia, mama, kabla hujatumia hela, nunua paketi mbili za karata za kawaida. Kwenye ya kwanza bakiza 1 (yaani A) hadi 9 za kopa, uru, pau na shupaza, hizo ni 36. Ongeza J nne, ziandike 1 hadi 4, hizo ndizo roketi, yaani turufu, na mwenye J ya 4 ndiye kapteni. Kwenye paketi ya pili toa 36 zilezile, zichanganye, hizo ndizo kazi: fungua moja, mtu achukue, akiila karata hiyo misheni imepita. Kesho mbili, keshokutwa tatu. Kifuniko cha soda kinatosha kuwa kidude cha ishara.

J ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Ya kawaida inafutika kwa jasho la mikono ifikapo misheni ya saba.