Sindano ya geji haipimi joto la kahawa yako

Juzi tena. Mteja kanipigia simu: "Fundi, kahawa inatoka chungu, ina ladha ya kuungua, na presha ya boila iko bar 1.1 barabara, haichezi!" Nikamuuliza mashine yake ya espresso ilikaa muda gani bila kutumika kabla ya kikombe hicho. "Nusu saa hivi." Basi jibu alikuwa nalo mwenyewe.

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonichosha: eti sindano ikitulia, joto la maji ya kahawa nalo limetulia. Kwenye mashine ya kibadilisha joto, maji ya kahawa si maji ya boila. Boila ni ya mvuke, na kwa bar 1.1 maji yake yana nyuzi 122 hivi. Maji ya kahawa ni mapya, yanapita kwenye bomba lililozamishwa humo (ndilo hicho kibadilisha joto) na kuokota joto njiani. Yakipita bila kukawia, yanafika kwenye kahawa yakiwa karibu na nyuzi 93. Yakilala humo nusu saa, yanalifukuzia joto la boila, na geji haina habari. Hata ukifunga kidhibiti joto cha kidijitali, kinachosimamiwa ni boila ileile.

Kwa hiyo mwaga kwanza maji yaliyolala humo. Washa pampu kabla ya kufunga kishikio, kile chenye mkono kinachobeba kahawa ya unga, utege sikio. Mwanzoni maji yanatema na kufoka mvuke, kisha yanakuwa uzi mmoja laini, kimya. Ongeza sekunde mbili tatu, funga, pika papo hapo. Usiniulize sekunde kamili, mashine hazifanani. Wala usiniambie ni kupoteza maji. Yakinge, upashie vikombe. Ila ukiwa umepika vikombe vitano mfululizo, mambo yanageuka: bomba limepoa, usimwage, subiri kidogo.

Dhana nyingine: "Nikipandisha presha ya boila, kahawa itasukumwa kwa nguvu zaidi." Hapana. Zile bar 9 zinazosukuma maji kwenye kahawa ni za pampu. Utapata mvuke mkali wa maziwa, na maji ya kumwaga yataongezeka.

Na hii: "Geji imefika, tupike." Boila imefika, ndiyo. Kichwa cha E61, aina ya kichwa ambako kishikio hufungwa na maji hutokea, ni kilo 4 hivi za chuma, nacho bado kinapasha. Mimi hungoja dakika 40. Shika kishikio: kama hakijapata moto, rudi ukakae.

Tena presha ya mwanzo huweza kuwa ya uongo. Vali ya kutoa hewa ya boila ikikwama imefungwa, hewa iliyonaswa inatanuka kwa joto, swichi ya presha inadhani ni mvuke, inazima hita mapema. Fungua bomba la mvuke sekunde chache. Sindano ikiporomoka hadi karibu na sifuri, ulikuwa unapima hewa. Funga, hita iwake upya, na hiyo vali uisafishe leo.